Mbili ni Kuondoka

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hakuna haja ya kumtafutia mwenzake. Wapo wanaosema mjinga alikuwa mwenyekiti, wapo wanaosema ni mhandisi, na wapo wanaoapa mpaka leo kwamba mjinga alikuwa lile gari jeupe lililogoma kuondoka mbele ya halaiki. Hapana. Mjinga alikuwa Mswaki, dereva wa gari la taka namba saba, mtu ambaye mdomo wake siku zote ulitangulia akili kwa hatua tatu. Siku hiyo ulitangulia safari nzima, ukafika, ukaoga, ukakaa kumsubiri.

Jina hilo alijipa mwenyewe. "Mji unaamka na mdomo mchafu," alikuwa akiwaambia madereva wenzake pale yadi. "Nani anaupiga mswaki? Mimi." Na kweli aliupiga, miaka ishirini na miwili. Alijua pipa la nani lina majivu na la nani lina chupa kabla halijafunuliwa. Alijua nyumba ipi imepata kichanga na ipi wamekosana, maana waliokosana hutupa vyombo vizima. Alimtania kila mtu, kuanzia bawabu wa benki hadi hakimu aliyetoka nje na nguo za kulalia kukimbiza pipa lililosahaulika. Dunia ilimchapa mapema huyu: aliachishwa shule, akafiwa, akalala miaka miwili kwenye kabini za magari mabovu. Huko ndiko alikojifunza kwamba anayecheka kwanza huwanyima wengine nafasi ya kumcheka.

Lakini miaka hii ya mwisho alikuwa na jambo ambalo hata yeye alishindwa kulicheka. Macho yalikuwa yanamwacha.

Yalianza kumwacha kwa adabu, kama mgeni anayeaga. Pembe ya jicho la kushoto iliondoka kwanza. Akadhani ni vumbi. Kisha ya kulia. Mpaka anakwenda hospitali, alikuwa anaitazama dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba: kilicho katikati bado anakiona, ingawa vitu vidogo vimeanza kufifia, kilicho pembeni hakipo mpaka kimfikie. Daktari alisema ni presha ya macho.

"Kilichokwenda kimekwenda, mzee wangu," daktari alisema huku akiandika dawa ya matone. "Tunalinda kilichobaki. Unafanya kazi gani?"

"Usafi," Mswaki alijibu.

Hakudanganya. Ila alipotoka mlangoni aligonga fremu kwa bega, akaiomba radhi.

Nyumbani hakusema. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka mingi kazi ya kutunga uzi kwenye sindano ilikuwa ya Mswaki kila Jumapili. Sasa mke akimletea sindano, anasema, "Leo mikono imechoka, mama, sindano itanichoma." Mke anacheka, anatunga mwenyewe. Moyo wa Mswaki unachomwa badala ya kidole.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejua: shemeji yake, mdogo wa mkewe, mpakiaji wa taka wa namba saba. Mwanamke wa mikono mikubwa na maneno machache, asiyependa masihara kazini wala mbwa wa matajiri. Yeye husimama kwenye ngazi ya mlango wa kushoto, dirisha limeshushwa, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine umeshika kipande cha nondo kirefu kama kiganja. Kwa nondo hiyo anazungumza na dereva. Watu wote wa magari ya taka wanaijua lugha hiyo: gonga bodi mara moja, simama; mara mbili, ondoka; mara tatu, rudi nyuma. Kelele za injini na mapipa hazimruhusu mtu kupiga soga.

Kwa madereva wengine ugongaji huo ni wa kusaidia tu. Kwa Mswaki ulikuwa umegeuka macho. Kwenye makutano alisimama na kungoja. Taa iwe ya kijani, iwe ya rangi ya maembe, hakuinua mguu mpaka azisikie mbili: ngo, ngo. Shemeji akaanza kugonga mapema, akaanza kugonga kwa ajili ya baiskeli, mbuzi, kona, wanafunzi. Mwaka mzima namba saba haikukwaruza hata ukuta. Mkuu wa yadi akamwita Mswaki mbele ya wenzake akampa cheti, "Dereva Mwangalifu Kuliko Wote." Shemeji alikuwa nyuma ya mstari, anaosha mapipa.

Cheti ndicho kilicholeta mkosi. Miezi minane kabla ya siku ile, manispaa ilimleta mhandisi mmoja, dada mdogo mpole mwenye miwani, akiwa na visanduku vya kamera na vinasa sauti. Alitaka kuvifunga kwenye gari la dereva bora. Kamera zote zilitazama barabarani, hakuna iliyomtazama dereva, kwa hiyo Mswaki hakuogopa. "Sasa mimi ni mwigizaji," aliwatambia wenzake. "Mkitaka kupiga picha na mimi, pangeni foleni." Hakuuliza visanduku ni vya nini. Alipokuja kujua, miezi minane ya barabara zake, kona zake na breki zake ilikuwa imekwisha kumwagwa ndani ya gari jeupe la taka linalojiendesha, lisilo na kiti cha dereva, lijifunze kwake, na manispaa ilikuwa imetangaza mkutano wa hadhara: je, mji ununue magari kumi ya aina ile, au madereva waendelee?

Madereva wakamchagua Mswaki awasemee. Ni nani mwingine mwenye mdomo kama ule?

Alhamisi, siku mbili kabla ya mkutano, mtoto wa shule aliinama mbele ya namba saba kufunga kamba za kiatu. Shemeji aligonga moja, kwa nguvu iliyobandua rangi. Mswaki akakanyaga breki kwa mguu wote na roho yote. Mtoto akasimama, akajifuta magoti, akaenda zake bila hata kugeuka.



"Nilimwona," Mswaki alisema.

"Ulimwona wapi?"

"Si pale, kulia."

"Alikuwa kushoto, shemeji."

Wakaenda mpaka dampo. Huko, wakati taka zinamwagwa na kunguru wanagombana, shemeji akaingiza kichwa dirishani. "Nakupa mpaka mkutano. Ukitoka pale umwambie dada, umwambie na mkuu wa yadi. Mimi mkono wangu umeanza kutetemeka. Siku mkono utakapochelewa, nitakuwa nimeua mimi."

 

*

Jumamosi asubuhi ukumbi wa manispaa ulijaa mpaka madirishani. Feni tatu zilizunguka kivivu, nazo zilionekana zimekuja kusikiliza tu. Uwanjani nje, gari jeupe lilimeremeta, na watu walilizunguka kama bibi harusi asiyejulikana kwao.

Mhandisi alizungumza kwanza, kwa sauti ya chini na ya kweli, jambo lililomuudhi Mswaki. Alitamani awe mwongo. "Mashine hii haisinzii," alisema. "Hailewi. Haina haraka ya kwenda nyumbani. Na ikiumwa haifichi, inawasha taa nyekundu yenyewe."

Mswaki alihisi kama ametajwa jina. 

Kisha watu wakapewa nafasi, na mjadala ukachemka.

"Mbona mnapenda kutufanyia majaribio?" alisema fundi baiskeli. "Juzi mlituletea mashine ya kuandikisha wagonjwa, ikamwandikia babu yangu kuwa ni mjamzito. Miezi sita!"

"Alijifungua salama?" mtu akauliza kutoka dirishani, na ukumbi ukaanguka kicheko.

Mwuza dawa akasema yeye anayataka hayo magari hata kesho, kwa kuwa kaka yake aligongwa na dereva mlevi na hakuna aliyelia isipokuwa familia. Mwalimu wa hesabu akauliza umeme ukikatika itakuwaje. Ndipo mkunga mstaafu, mama mfupi aliyewazalisha nusu ya waliokuwa mle ndani, akainuka kwa kushikilia kiti cha mbele.

"Mimi swali langu dogo," alisema. "Dereva akiua mtoto wa mtu, nimewaona, hawalali tena. Wengine wanaacha kazi, wengine wanaacha kula. Hili gari likiua, nani hatalala?"

 Mhandisi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mimi, mama," alisema. "Sitalala mimi."

Jibu hilo likawagusa watu, na Mswaki akaona kura zinahama kama mchanga chini ya miguu. Akainua mkono.

Alipanda jukwaani akiwa na karatasi. Karatasi ilikuwa ya heshima tu. Herufi zile zilikwisha kuwa sisimizi, na hotuba aliikariri kwa siku nne. Kijana wa mstari wa mbele akanong'ona kwa sauti, "Mzee, umeigeuza juu chini."

"Nimeigeuza makusudi," Mswaki akasema papo hapo, "ili ninyi mliokaa mbele msome pamoja na mimi."

Wakacheka. Alipokwisha kuwachekesha alijua amewapata, na mtu wa namna yake akiwapata watu hajui kuacha.

"Ndugu zangu, wanasema gari hili lina macho kumi na mawili. Kumi na mawili! Hata buibui angeona ni uroho. Lakini halina aibu hata moja. Mimi nikimmwagia mama wa watu maji machafu, nasimama, namwamkia, naomba radhi, natukanwa, naondoka nikiwa nimejifunza. Hili litaomba radhi kwa mdomo upi? Mimi najua kwa mgonjwa pale kona ya kiwanda huwa sipigi honi. Limeambiwa? Najua kizee wa nyumba ya bluu hutoka na pipa lake amechelewa, namsubiri. Litamsubiri?"

"Halitasubiri!" madereva wakaitika kutoka nyuma.

Mhandisi akainua kichwa. "Baba, nakusikia," alisema kwa upole. "Basi utuambie, tufanye nini ili mliamini?"

Hapo ndipo mwenye akili angesema, "Hakuna," akakaa. Lakini makofi yalikuwa bado masikioni mwa Mswaki, matamu kama usingizi wa asubuhi.

"Lipimwe macho!" akapaza sauti. "Lipimwe hapa hapa, mbele ya watu! Na si hilo tu. Kila anayeshika usukani katika mji huu, awe wa chuma, awe wa nyama, apimwe macho! Asiyeona asiendeshe!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama, wakapiga meza, wakapiga miguu. Mwuza dawa alipiga makofi. Mkunga alipiga makofi. Hata mhandisi alipiga makofi. Katikati ya kelele zile Mswaki akasimama na karatasi yake iliyogeuzwa, na taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye matambara, akaelewa alichokisema.

Mwenyekiti akagonga meza. "Hoja imepokelewa! Maneno yanatosha. Twendeni uwanjani. Gari litazungushwa kati ya mapipa, na kidoli kitavutwa mbele yake ghafla. Likimaliza, Mswaki mwenyewe ataingia namba saba, afanye kama lilivyofanya. Halafu tupige kura."

"Mswaki! Mswaki!" madereva wakaimba, na walimbeba begani kumpeleka kwenye mti wake wa kunyongewa.

*

Alimpata shemeji nyuma ya tangi la maji, ameketi juu ya pipa, nondo magotini.

"Shemeji," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya jukwaani. "Nimejikaanga."

"Nimesikia. Na mafuta ulikwenda kununua mwenyewe."

"Nigongee. Leo tu."

"Leo tu ulisema kabla ya mvua. Leo tu ulisema baada ya mvua."

"Umekiona kile kidoli?" Mswaki alikiona alipobebwa, kilipita katikati ya bomba lake kwa nukta moja. Gunia lililovishwa sare ya shule, limefungwa kamba kiunoni. "Watakivuta kutoka pembeni. Pembeni sina, shemeji. Nitakipitia mbele ya mji mzima."

"Kile ni gunia."

"Najua ni gunia!"

"Nashukuru kwamba unajua."

Mswaki akachuchumaa mbele yake, magoti yakilia. Hakuwahi kuchuchumaa mbele ya mtu tangu alipoachishwa shule. "Nikiuacha usukani mimi ni nani? Sijui kusoma ya maana, sijui kushona. Wanasema watatupa viti tukae tukitazama skrini. Nitatazama nini? Nikae nyumbani nimhesabie dada yako vifungo?"

"Vifungo angalau havivuki barabara."

"Una roho ngumu."

"Nina roho iliyochoka." Akaigeuza nondo mkononi. Ncha yake ilikuwa imeng'aa kwa kugonga. "Kila usiku nagonga kitanda, shemeji. Mume wangu ananiamsha. Nagonga moja, nagonga moja, nagonga moja."

"Wanangu bado wako shule."

"Na yule wa Alhamisi," shemeji aliuliza, "alikuwa anakwenda wapi?"

 

Filimbi ikapulizwa uwanjani. Shemeji akainuka. "Leo sigongi," alisema. Alimsaidia kusimama, akamfuta vumbi begani kama anavyofutwa mtu anayekwenda msibani, akatangulia.

*

Watu walisukumwa nyuma ya kamba kwa usalama. Mapipa kumi na manne yalipangwa kwa zamu, moja kushoto, moja kulia. Mhandisi alisimama pembeni na kishikwambi chake. Akabonyeza. Injini ya gari jeupe ikaamka, laini, kama paka aliyeshiba.

Halafu basi.

Gari halikuondoka. Mhandisi akabonyeza tena. Taa zikawaka za kijani zote, kila kitu kizima, na gari likatulia pale pale kana kwamba limekuja kupiga picha. Dakika moja. Dakika tatu. Mhandisi akaenda, akachungulia, akarudi, akabonyeza. Miwani ikamtelezea puani.

"Linaomba posho!" mtu akapiga kelele.

"Liamkieni kwanza, halikulelewa hovyo!"

Mswaki, aliyekuwa amesimama kama mtu anayesubiri kuitwa jina kwenye orodha mbaya, akasikia kicheko hicho kikimwingia kama pumzi. Matumaini ni kitu kisicho na haya. Akapanda juu ya pipa lililofunikwa.

"Jamani, msilionee! Macho kumi na mawili, na yote yanatazama aibu! Lipeni kiti, lipeni maji, ni gari la watu hili!"

Uwanja ukavunjika mbavu. Mhandisi alikuwa karibu kulia. "Sielewi," alimwambia mwenyekiti. "Kwetu liliondoka kila siku. Vijana walikuwa wakipakia, wakibamiza mlango wa nyuma, likaondoka. Kila siku!"

Mwenyekiti akatazama saa, akatazama jua, akatazama watu wake. "Tumeona ya kutosha," akatangaza. "Gari limeshindwa. Hata Mswaki hana haja ya kujisumbua. Tupige kura hapa hapa: wanaotaka madereva waendelee kama walivyo, wajiandae kunyoosha mikono."

Hana haja ya kujisumbua! Mswaki aliyasikia maneno hayo kama mtu aliye chini ya kisima anavyoisikia kamba ikishuka. Hakuna kuingia namba saba. Hakuna kidoli. Hakuna kupimwa. Jumatatu alfajiri atakuwa kwenye kiti chake, mikono kwenye usukani uliolainika kwa viganja vyake mwenyewe, na mambo ya macho yatazungumzwa siku nyingine, baada ya mitihani ya watoto, baada ya mvua nyingine. Akageuza bomba lake huku na huku kumtafuta shemeji wafurahi pamoja. Hakumwona.

Alimsikia.

Ngo, ngo.

Mguu wa kushoto wa Mswaki, pale juu ya pipa, ulinyanyuka wenyewe kutafuta klachi.

Na gari jeupe likaondoka.

 Shemeji alikuwa amevuka kamba bila kuomba ruhusa, sasa anatembea kando ya gari lile, nondo mkononi, bila haraka, kama anavyotembea kila siku ya Mungu. Gari likapita pipa la kwanza, likapita la pili, likakata kona ya tatu kwa upana ule ule wa Mswaki, na kuchelewesha breki kidogo kwa mtindo wa Mswaki. Madereva walioijua kona hiyo wakatazamana. Kwenye pipa la tisa, kijana wa manispaa akavuta kamba, na gunia lenye sare ya shule likarukia barabarani kutoka kushoto.

Nondo haikugonga kitu. Shemeji alikuwa ameishusha mkono, makusudi.

Gari lilisimama lenyewe. Kati ya bampa na gunia ungeweza kuweka kiti.

Mkunga alisema, "Alhamdu—" akajizuia, akaziba mdomo kwa kanga. Kisha shemeji akagonga tatu. Gari likarudi nyuma. Akagonga moja. Likasimama.

Mhandisi alimkimbilia. "Mama, umejuaje? Umejuaje?"

"Namba saba ndivyo inavyoondoka," shemeji alisema. "Mbili ni kuondoka. Bila mbili haiondoki."

Mhandisi akashika kichwa. "Vinasa sauti," alisema taratibu. "Miezi minane. Kila gari lilipoondoka kulikuwa na mlio ule kabla. Kila mara. Halikukosa hata siku moja. Gari likadhani ndiyo kanuni ya barabara." Akageuka kuwatazama watu, uso umemng'aa. "Kwetu ulikuwa mlango wa nyuma! Unabamiza mara mbili!"

Sasa watu wote wakamgeukia Mswaki juu ya pipa lake.

Anayezama hashiki kilicho imara, hushika kilicho karibu. Na kilichokuwa karibu na Mswaki, siku zote, kilikuwa ni mdomo.

"Mmesikia!" akapiga kelele, mikono juu. "Mmesikia kwa masikio yenu! Kona zile ni zangu! Breki zile ni zangu! Hata kuondoka linaondoka kwangu! Gari hili ni mwanafunzi wangu, ndugu zangu. Nani anamfukuza mwalimu akamwacha mwanafunzi afundishe?"

"Hakuna!" madereva wakaitika.

"Mnataka nakala, na mwenyewe yupo hapa, anapumua?"

"Hapana!"

"Hoja nzito," mwenyekiti akasema, akikuna kidevu. "Hoja nzito sana. Mwalimu ana haki yake."

Mswaki akaona mikono ikianza kupanda, mmoja mmoja, katikati ya bomba lake. Alibakiza muhuri tu. Akateremka kwenye pipa, akakanyaga hewa, akadakwa, akacheka kana kwamba ni mchezo, akaelekea ulikotoka ule mlio, mkono ameutanguliza.

"Shemeji! Wewe umekuwa na mimi miaka yote. Wewe huna uongo. Waambie watu hawa, wasikie kwako: hili gari mwalimu wake ni nani?"

Shemeji alikuwa amesimama kushoto kwake, hatua mbili tu, na Mswaki alikuwa akimwambia mhandisi maneno hayo, akidhani ndiye shemeji. Watu waliokuwa mbele wakaliona hilo. Mmoja aliyekuwa anacheka akaacha. Shemeji alimshika shemeji yake mabega yote mawili, akamgeuza polepole mpaka nyuso zao zikakutana, na alipozungumza machozi yalikuwa yakimtoka ingawa sauti haikutikisika.

"Mwalimu ni mimi, shemeji. Wewe na hili gari nimewafundisha dawati moja, wote hamwondoki mpaka nigonge. Ila mwenzako ubao anauona."